Magari Mawili Yaliyokuwa Moja

Sijui kuendesha gari. Nalisema mapema kwa sababu hapa Kindu watu wa umri wangu wananiita Mama Shofere, na watoto wao, ambao wakati ule hawakuwa wamezaliwa, nao wananiita vivyo hivyo, wakiamini kwamba niliwahi kukimbiza gari kando ya reli mpaka vumbi likafunika kituo. Wameniona kwa macho yao, katika filamu. Filamu ilianza kwenye kaseti, ikahamia kwenye sahani za DVD, sasa inarushwa kutoka simu hadi simu, na kila inapohama inazidi ukungu, jambo ambalo halinisumbui, maana uso wangu wa miaka ishirini ulijaa chunusi. Katika filamu nzima watu wanataka kitu kimoja tu, nacho ni zile dakika chache za kufukuzana. Mengine wanayapitisha mbio.

Nimeulizwa mara nyingi ilifanyikaje. Nilikuwa nikijibu kwa mkato, "Kazi ya mikono," kisha naendelea na safari yangu. Baba yangu alikuwa hai, na gari lilikuwa lake, na katika habari ya gari lile kulikuwa na neno lisilopaswa kutajwa mbele yake. Msimu huu wa mvua tumemzika. Sasa nitasema.

Baba alikuwa fundi wa reli. Kazi ilimleta Kindu kutoka Kasai akiwa kijana, akamwoa mama yangu, mwenyeji wa hapa, wa nyumba ya Kiislamu, na hakurudi tena kwao. Miaka michache kabla ya vita alinunua gari dogo kuukuu la bluu kule Lubumbashi, likaja kwa treni ya mizigo, naye akalipokea kituoni amevaa suti ya harusi. Mshahara wa reli ulikuwa umeshageuka hadithi. "Hii gari njo pansio yangu," alisema, yaani ndiyo pensheni yake, na hakuwa anatania. Siku atakapochoka, gari litabeba abiria, na yeye atakula jasho lake amekaa.

Vita ikaja. Reli ikakatika, treni zikaacha kufika, na gari lolote lililokuwa likitembea likachukuliwa na askari walioshika mji. Jirani yetu katika kambi ya reli aliwaambia pikapu yake imekufa. Wakaiwasha, ikawaka. Wakaondoka na pikapu na mwenyewe. Pikapu tuliiona tena mjini, haina milango. Jirani hatukumwona tena.

Baba alikuwa amesikia. Akafungua kabureta, kile kidude kinachochanganya petroli na hewa, ambacho injini ikikikosa haina pumzi, akakitumbukiza kwenye bidoni la mawese la jikoni kwa Mama, dumu lililokatwa juu, ili kisishike kutu. Askari walipokuja, wakafungua boneti, wakaona shimo. "Ilikufa, bakubwa," akawaambia, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyefiwa kweli. Wakaenda zao. Lakini gari halikufa. Mara moja moja, mvua kubwa ya mchana ilipopiga mabati mpaka mtu hasikii hata anachosema mwenyewe, Baba alikitoa kidude kwenye mafuta, akakifunga, akaweka tone la petroli aliyoificha kwenye chupa ya dawa ya kikohozi, akaiacha injini ipumue kidogo ili isigande. Mimi nilisimama mlangoni kuangalia njia. Kambi nzima iliamini gari limekufa, na wenye kujua tulikuwa watu watatu.

Katika hali hiyo ndipo alipokuja mpiga kamera. Alikuwa bwana mmoja aliyekuwa akiishi kwa kurekodi harusi na vilio vya misiba. Harusi zilikuwa zimekwisha, na vilio vilikuwa vingi mno mpaka hakuna aliyetaka kuvitazama mara ya pili. Kamera alibaki nayo. Kwa upande wa pili kulikuwa na mwenye mashine ya kukoboa mpunga karibu na soko, ambaye asubuhi alikoboa mpunga na alasiri aliunganisha waya uleule na televisheni, watu wakaingia kutazama kaseti. Kaseti zenyewe zilikuwa kumi hivi, na mji mzima ulikuwa umezikariri. Watu waliingia, wakasema maneno kabla ya wachezaji, wakatoka wamenuna. Mwenye mashine akamwambia mpiga kamera, "Fanya yetu." Mpiga kamera akasema filamu isiyo na magari kufukuzana si filamu. Mji mzima ulikuwa na gari moja tu lisilo la askari, nalo lilikuwa nyuma ya nyumba yetu, juu ya mawe.

Nilidhani Baba atamfukuza. Akamsikiliza mpaka mwisho. Nadhani ni njaa ya kazi, maana fundi aliyekaa miaka bila kushika spana anakuwa mgonjwa kama wagonjwa wengine. "Gari imekufa," alisema. "Kila muntu anajua imekufa. Basi tutaisukuma."

Jinsi ya kuisukuma ilitoka kichwani mwake, na ni jambo ambalo mtu asiye wa reli asingelifikiria. Barabara zetu zilikuwa mashimo matupu, ukisukuma gari hapo kamera inaruka kama chura. Lakini reli ilikuwa pale pale, imenyooka, haina treni. Wafanyakazi wa njia walikuwa na kigari chao bapa cha kubebea mataruma, yale magogo yanayolazwa chini ya vyuma vya reli. Wakaegemeza mbao mbili, wakalivuta gari kwa kamba mpaka likakaa juu ya kigari, wakalifunga. Wanaume wanane wa reli wakasukuma kwa nyuma, hawana mshahara, hawana treni, wanacheka kama watoto wa shule. Mimi ndani, mikono kwenye usukani, nayumba huku na huku kama nilivyofundishwa. Kamera ilikaa pembeni, ubaoni, ikanitazama kwenye dirisha na haikushuka kamwe kwenye magurudumu. Nyuma yangu nyasi na michikichi ilipita, na mbio ilionekana. Mpiga kamera akaona haitoshi. Baba akaita wanawake wa kambi, kila mmoja na kuti lake, wakakimbia kuelekea nyuma kati ya gari na miti, ili makuti yapite dirishani fyu, fyu, fyu. Ukitazama vizuri leo utaona kuti moja limevaa kilemba. Huyo ni Mama.

Hadithi ilikuwa nyepesi. Mimi ni muuguzi, nabeba dawa kwenye gari la bluu. Mwizi ananifuata kwa gari jeupe. Gari jeupe hatukuwa nalo, kwa hiyo tulipaka lile lile chokaa upande wa kulia, chokaa iliyobaki baada ya mjomba kupaka msikiti, na upande wa kushoto tukauacha na bluu yake. Upande mmoja mimi, upande wa pili mwizi. Mwizi alikuwa Baba. Alidai sehemu hiyo mwenyewe, akavaa miwani ya jua ya Mama, na katika maisha yangu yote sikuwahi kumwona na furaha vile. Tukarekodi siku nne. Siku ya tano tukatazama.

Mama alitazama amejifunga kanga kifuani, kisha akauliza, "Baba ya mutoto, mbona munakimbiana? Binti anaenda Kibombo, mwizi anaenda ku mto."

Alikuwa sahihi. Ukimrekodi mtu kwa ubavu wa kushoto, gari linaelekea upande mmoja wa kioo, na ukimrekodi kwa kulia linaelekea upande wa pili. Mimi na Baba tulikuwa tukikimbiana kwa kasi ya ajabu, kila mtu na njia yake. Watu wazima kumi na wawili hatukuliona hilo siku nne nzima, na aliyeliona ni mwanamke aliyekuwa akiokota makuti. Mpiga kamera alikaa chini. Ikabidi tupake chokaa upande wa kushoto nao, tumrekodi mwizi upya kwa ubavu ule ule niliorekodiwa mimi. Ndipo akaanza kunifuata kweli. Siku ya mwisho manyunyu yakapita, chokaa ikatiririka, na kuna mahali gari la mwizi lina michirizi ya bluu mlangoni. Watu wa Kindu wanapenda hapo kuliko pote. Wanapiga kelele, "Mwizi analia!"

Kuanguka kwa gari la mwizi mtoni kulikuwa pipa la mafuta lililofungwa shuka nyeupe, likasukumwa kutoka ukingoni. Ulionyeshwa mruko wa maji tu. Vumbi lilikuwa jivu. Kibanda cha mboga kinachovunjwa kilikuwa cha shangazi wa mpiga kamera, ambaye hakuambiwa mapema, kwa hiyo matusi unayoyasikia pale ni ya kweli.

Imebaki sauti, na sauti ndiyo iliyotuponza. Kwenye kamera kulikuwa na kuhema kwa wanaume wanane na vicheko. Mpiga kamera alitaka kuweka muziki. Baba akakataa. Akampeleka kwa mwenye mashine ya mpunga, akaweka kamera kando ya injini, akaanza kuipigisha kama mpiga marimba. Mashine ikiwa tupu, injini inapanda juu, inalia nyembamba. Ukimwaga mpunga, inashuka, inakaza, inaguna. "Hapo unabadilisha vitesi," alisema. Akakaa na mpiga kamera kwenye deki mbili za video za kunakilia, siku baada ya siku, akilinganisha kila kumwaga kwa mpunga na mkono wangu ninaposhika gia. Mahali nilipoonekana kama napanda mwinuko alidai mpunga mwingi. "Gari haipandi mulima na vitesi ya ine," alifoka, maana gia ya nne ni ya tambarare, na mwenye mashine akamwaga debe jingine. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, ila Baba alisifiwa akazidi kulitia ukali. Kila aliyesikia alimsifu, naye akarudi kusahihisha tena. Alisahau kwamba mtu mwenye gari lililokufa hapaswi kulitengenezea sauti nzuri kiasi hicho.

Kwa watu wa kambi haikuwa na hatari. Waliisukuma wenyewe. Hata askari wachache wa kituoni walikuwa wametuona, wakatuita vichaa. Filamu ikaonyeshwa, watu wakajaa mpaka wakakaa dirishani, na ilipofika kufukuzana walisimama, wakadai irudishwe, ikarudishwa, wakadai tena. Nilikuwa na miaka ishirini na mji mzima ukanisalimia. Sitasema uongo, nilivimba kichwa.

Kisha akaletwa komanda mpya. Alishuka kwenye ndege, hakujua mtu, hakutuona tukisukuma. Siku ya tatu askari wake wakampeleka kutazama filamu yetu. Siku ya nne, asubuhi, alikuwa uani kwetu na askari wawili.

"Kuko gari mbili," alisema. "Ya bluu na ya nyeupe. Ziko wapi?"

Baba alikuwa ananyoa ndevu, povu upande mmoja. "Mukubwa, gari njo hii moja. Na hii ilikufa."

"Niliziona na macho yangu. Nilisikia motere. Miye nilikuwa shofere mbele ya kuwa askari, najua motere yenye inapanda mulima." Akamtazama vizuri. "Na wewe njo mwizi. Nakujua."

Hapo nikaelewa tulichokifanya. Jirani yetu na pikapu yake vilinijia akilini. Komanda akafungua boneti, akaona shimo la kabureta, na badala ya kuridhika akakasirika zaidi. Shofere wa zamani anajua shimo ni nini. "Mulificha," akasema. Askari mmoja alikuwa ameshaingia jikoni, akamwambia Mama ampe mawese ya kupikia. Mama akachukua upawa, akachota kutoka kwenye bidoni lile lile, taratibu, juu juu, akamjazia chupa yake mpaka shingoni, akaipangusa na kumkabidhi.  Nilitamani kulia na kumpigia makofi kwa pamoja.

Mimi nikasema, "Mukubwa, twende tukuonyeshe vile tulifanya." Sikujua nimepata wapi ulimi. Tulienda wote kituoni. Wanaume wa reli wakaitwa, wakalivuta gari juu ya kigari, na safari hii hakuna aliyecheka. Komanda akakaa kwenye usukani. Wakasukuma. Wanawake wakakimbia na makuti. Nilimwona usoni. Mwanzo alikuwa amekunja uso, kisha makuti yakaanza kupita dirishani, akageuza usukani kidogo, akageuza tena, akatabasamu, na mwisho akawa anacheka kwa sauti, anapinda kushoto na kulia mahali ambapo reli imenyooka kama kamba. Kwa muda ule mfupi alikuwa shofere tena. Baba akaanza kupumua. Tukampeleka kwa mwenye mashine, akasikia mpunga ukimwagwa, akatikisa kichwa kwa mshangao. Tukamwonyesha pipa. Tukamwonyesha chokaa.

Tulidhani tumepona. Ila alipomaliza kuona yote hakucheka tena. Askari wake walikuwa wakimtazama. Kwa kweli tulikuwa tumemthibitishia jambo moja tu, kwamba watu wa nyumba hii ni mabingwa wa kudanganya.

"Munadanganya muji muzima," akamwambia Baba, polepole. "Muntu mwenye anajua kudanganya hivi, nitamuamini namna gani akisema gari yake ilikufa?" Akafikiri. "Muzaliwa wako wa kwanza njo nani?"

 Mimi, mjinga, nikitaka kusaidia, nikasema, "Njo miye."

"Weka mukono ku kichwa yake. Lapa."

Lazima nieleze. Baba alikuwa Mkatoliki wa kila Jumapili, na uongo wa kila siku aliupeleka kwa padri, ukaisha. Lakini kwa watu wake kula kiapo juu ya kichwa cha mtoto wa kwanza ni daftari jingine. Padri anaweza kukusamehe uongo. Kichwa ulichokiweka rehani hakirudi, kinabaki pale, kinasubiri siku uongo utakapojionyesha. Komanda alijua hivyo, kwa kuwa hata kwao desturi hiyo ipo. Na kama Baba angekataa kuapa, kukataa kwenyewe kungekuwa jibu.

Akaweka mkono. Ulikuwa mzito na bado unanuka sabuni ya asubuhi. "Hii gari ilikufa," alisema. "Kama nasema uongo, kichwa ya huyu mutoto." Komanda akamtazama machoni, akaridhika, akaondoka na watu wake. Gari wakaliacha.

Alasiri ile ile Baba aliingia jikoni, akaingiza mkono kwenye bidoni mpaka kiwikoni, akatoa kabureta, akaifunga kwenye jani la mgomba, akaelekea mtoni. Nilimfuata. Alisimama ukingoni, ng'ambo ya Alunguli inaonekana, akasubiri mitumbwi miwili ipite, akairusha mbali kadiri mkono ulivyoweza.

"Baba, ile njo pansio yako," nikasema.

"Pansio iko namna mingi," akajibu. "Wewe uko mumoja." Akanawa mafuta kwenye maji, tukarudi nyumbani.

Vita iliisha kama mvua inavyoisha, haikusema nimekwisha, ila siku moja ukaona watu wanatembea bila haraka. Treni ikaanza kufika tena, kwa kusuasua. Pikipiki zikajaa mji. Kabureta ungeweza kuagiza Lubumbashi ikaja na mzigo wa mtu. Baba hakuagiza. Hakuruhusu betri iingie uani. Nilipomwambia vita imekwisha, yule komanda yuko wapi sasa, nani atakuja kuuliza, alisema haikuwa habari ya komanda.

Nilimkasirikia miaka mingi, na sijutii kuandika hivyo. Nilikuwa mwalimu nisiyelipwa, nilitembea kwa miguu mpaka shuleni, na pembeni ya nyumba yetu lilikaa gari ambalo lingetulisha. Mama alipougua mara ya kwanza tulimpeleka hospitali juu ya baiskeli, mimi nasukuma, Baba amemshika mgongoni, na ili kutoka uani ilibidi tulizunguke gari lile. Siku hiyo nilipiga kelele. Nilimwambia mimi siamini viapo, kichwa ni changu, na nimekiachilia huru.

"Sikukuuliza kama unaamini," alisema Baba, hata sauti hakuipandisha.

Nilipougua mimi mambo yalikuwa mengine. Homa ndogo tu, ile ya kila mwaka, na Baba alikuja na kiti chake akakaa mlangoni pa chumba changu, hali, haongei, ananisikiliza ninavyopumua. Mume wangu alidhani mkwe wake ana mapenzi ya kupita kiasi. Mimi nilijua anahesabu deni la kile kiapo. Nilikuwa na hasira naye na nilimhurumia, na vitu hivyo viwili vinakaa vizuri tu katika moyo mmoja.

Mama alitangulia. Baba akabaki, akazeeka, na gari likazeeka naye, majani yakaota kwenye sakafu yake.

Mwaka jana alikuja binti wa yule mpiga kamera. Baba yake alishafariki, naye amerithi ugonjwa wake wa filamu. Ana kamera ndogo ya kuruka na vijana wake wa pikipiki, anataka kutengeneza filamu mpya, pikipiki kumi zinafukuza gari moja, na gari alilolitaka ni lile la bluu. "Safari hii litembee lenyewe, mama," aliniambia. Nikamkatalia palepale kwa niaba ya Baba.

Baba alikuwa amekaa kibarazani, tukidhani amesinzia. "Muache aje na fundi," akasema.

Nilimwuliza baadaye kwa nini.  "Sitaki kufa bila kujua," akasema. Alikuwa amechoka, na hofu aliyoibeba tangu mkono wake ulipokaa kichwani mwangu ilikuwa imemla zaidi ya umri. Kama gari lingewaka, angejua deni bado liko wazi, na angekufa akijua. Hakutaka kuniachia deni hilo bila kuniambia.

Wakaja asubuhi ya Jumamosi. Fundi alikuwa kijana mwenye mikono mizuri, hakuuliza maswali. Akafunga betri, akafunga kabureta iliyotoka kwenye gari jingine, akamwaga petroli kwa kikombe. Watu wa kambi walijaa. Baba alisogezewa kiti karibu na boneti. Na mimi, mwalimu, mimi nisiyeamini, fundi aliposhika ufunguo nilihisi kichwa changu kimekuwa baridi. Nilishika kilemba kwa mikono miwili. Niliogopa. Kwa mara ya kwanza nilimwelewa mtu niliyemfokea miaka yote ile.

Ufunguo ukasema tik. Akageuza tena, tik. Akaangalia betri, akakagua waya, akachukua spana ndefu akajaribu kuizungusha injini kwa nguvu za mwili, mishipa ikamtoka shingoni. Haikusogea hata ukucha. Akafungua plagi moja, akaingiza kijiti, kikatoka chekundu kwa kutu na maji. Akajifuta mikono.

"Papa, hii haiwezi," akasema. "Pistoni zote zilishikana. Hii gari ilikufa zamani."

"Zamani ya lini?" Baba akauliza.

"Zamani sana."

"Wakati ya vita?"

Kijana akacheka kidogo, asijue anachoulizwa. "Inaweza kuwa, Papa."

"Inaweza, ao ilikuwa?"

Fundi akakitazama tena kijiti, akamtazama mzee aliyekuwa ameshika magoti yake kwa mikono miwili, na nadhani aliona tu kwamba jibu linahitajika. "Na kutu ya namna hii? Ilikuwa, Papa. Wakati ya vita ilikuwa imeshakufa. Ukitaka, naweza kulapa."

"Hapana!" Baba akanyanyua mkono haraka. "Usilape. Sema tu."

"Ilikuwa imeshakufa."

Baba akageuka polepole kwenye kiti, akanitafuta kati ya watu. Wiki tatu kabla ya komanda kuja uani kwetu, mchana, mvua ikipiga mabati, nilisimama mlangoni nikaisikia injini ile ikiunguruma, safi, bila kukohoa. Mguu uliokanyaga ulikuwa wake. Kati ya watu watatu waliojua tulibaki wawili, na yeye alikuwa ananitazama, anasubiri.

Nikapita katikati ya watu, nikainama karibu na sikio lake.

"Njo vile, Baba," nikasema. "Ilikuwa imeshakufa."

Alinishika mkono, akaushikilia muda mrefu.

"Asante, mama," akasema.